Amplifaya ya gitaa ya laki sita: unalipia sauti au jina?

Marekani kuna amplifaya za gitaa ambazo zikiuzwa leo mkono wa pili hupita dola 100,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 12 zetu. Si mtambo wa studio nzima. Ni kisanduku cha mbao chenye transfoma, valvu chache na nyaya, kilichoundwa na mtu mmoja, Howard Dumble wa California, aliyefariki Januari 2022. Waliozipiga ni watu kama Carlos Santana, Robben Ford, Larry Carlton na Stevie Ray Vaughan. Dumble aliunda mia chache tu maishani mwake. Alichagua mwenyewe nani amuuzie na nani amkatalie, na sehemu ya sakiti yake aliimwagia gundi ngumu ili fundi mwengine asione alichokifanya.

Hizo tuziache, zimeshakuwa vitu vya kuwekwa kabatini. Lakini chini yake kuna soko zima la amplifaya zinazoundwa kwa mkono katika karakana ndogo ndogo, kwa majina kama Matchless, Two-Rock na Dr. Z, ambazo mtu huuziwa kwa dola 2,500, 4,000, hata 6,000. Vijana wetu wanaziona kwenye simu zao kila siku, na suali wanaloniuliza ni moja: je, kweli zina thamani hiyo?

Najua wako wasomaji wangu ambao kwao mjadala unaishia hapa, kwa sababu gitaa lenyewe lina khilafu. Hilo niwaachie masheikh. Ninachojua ni kwamba vijana wengi wa pwani hii wanakula kwa gitaa, kwenye mahoteli ya Diani, Nyali na Watamu na kwenye harusi zetu, na pesa zinazotajwa hapa zikitoka zitatoka kwenye nyumba zetu.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosa. Amplifaya ya msikiti na amplifaya ya gitaa zina jina moja lakini kazi zao zinapingana. Mimi nilisomea diploma ya elektroniki, na mtaani ndiye huitwa pale amplifaya ya msikiti inapoanza kukwaruza. Pale matakwa ni kwamba sauti ya muadhini itoke kama alivyoitoa, ila iwe kubwa. Amplifaya ikiongeza chochote cha kwake, hiyo ni mbovu. Ya gitaa ni kinyume. Gitaa la umeme peke yake lina sauti kavu na nyembamba, na amplifaya ndiyo nusu ya pili ya ala. Inatakiwa iongeze kitu: inenepeshe sauti hapa, ipunguze makali pale, na ikisukumwa sana ichafuke kidogo kwa namna inayopendeza sikio. Ndiyo maana ukilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mtambo wa hotuba utasikia kama mtu anayekwangua sufuria. Gitaa halina kosa, limewekwa pasipo pake.

Huko kuchafuka kwa kupendeza ndiko kulikozaa biashara yote hii, na asili yake ni valvu. Wazee wanazikumbuka, ni vile vitaa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za zamani, vilivyochukua muda kupata moto kabla redio haijazungumza. Ndani ya kioo hakuna hewa. Kuna kiini kinachopashwa moto mpaka kitoe elektroni, na elektroni hizo huvutwa upande wa pili kwa umeme wa volti 300 hadi 450. Katikati pana wavu mwembamba wa waya uitwao gridi. Umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa ukifika kwenye gridi, unaubana na kuufungulia ule mkondo mkubwa kama mtu anayechezea koki ya maji. Kidogo kimeongoza kikubwa, na hapo sauti imekuzwa.

Sasa koki ina mwisho wake. Mpigaji akizidisha nguvu, valvu hufika mahali haiwezi kufungua zaidi, na kilele cha wimbi la sauti hukatwa. Transista ikizidiwa kwa kawaida hukata ghafla, kama panga, na sikio husikia ukali. Valvu katika sakiti ya gitaa huanza kukata mapema na taratibu, kilele kinabonyea kabla ya kukatika. Mpigaji akigonga uzi kwa upole anapata sauti safi, akiupiga kwa nguvu sauti inapata mkwaruzo na kuvuta kwa muda mrefu. Anaviendesha vyote kwa vidole bila kugusa kitufe. Aliyewahi kuhisi hivyo haelewi kwa nini mtu apige kitu chengine, na mimi simlaumu.

Lakini msidanganywe kwamba transista ni ya maskini. Roland JC-120 ya Japani, iliyotoka mwaka 1975, haina hata valvu moja, na kwa sauti safi bado wapigaji wakubwa duniani wanaitafuta.

Sasa tuje kwenye siri, maana wauzaji wanapenda sana kuuza siri. Leo Fender alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliunda amplifaya iitwayo Bassman, ya muundo wa 5F6-A, yenye spika nne za inchi 10. Aliikusudia gitaa la besi, wapigaji wa gitaa la kawaida wakaipora. Mwaka 1962 jijini London, mwalimu na muuzaji wa ngoma aitwaye Jim Marshall, pamoja na mafundi Ken Bran na Dudley Craven, waliifuata sakiti ile ya Bassman karibu hatua kwa hatua, wakitumia vipuri walivyoweza kuvipata Uingereza. Ikatoka JTM45, na kutoka hapo ukazaliwa mlio wote wa roki ya Kiingereza.

Tazameni vizuri kilichotokea hapo. Mchoro ni ule ule kwa sehemu kubwa. Kilichobadilika ni transfoma, valvu moja mbili, na zaidi ya yote spika: Fender alitumia Jensen za inchi 10 kwenye sanduku lililo wazi nyuma, Marshall akaweka Celestion za inchi 12 kwenye sanduku lililofungwa. Mtu yeyote mwenye masikio anazitofautisha. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa tofauti kubwa ya sauti ilitoka kwenye spika na sanduku, na wala michoro haikuwa siri. Michoro ya Fender iko hadharani na kila fundi anaweza kuisoma. Hao waundaji wa mkono tunaowasifu leo, wengi wao wanaunda wajukuu wa Bassman hiyo, au wa Vox AC30 ya Uingereza. Matchless ilipoanza Los Angeles mwaka 1989, amplifaya yake mashuhuri, DC-30, ilichimbuka kwenye AC30.

Hata gundi ya Dumble haikusaidia. Watu waliibandua, wakachora, na leo nakala zake zinaundwa kila pembe. Malaysia kuna karakana iitwayo Ceriatone inayounda kwa mkono nakala za amplifaya hizi za hadithi, zikiwemo za Dumble na za Ken Fischer wa New Jersey, kwa bei iliyo chini sana kuliko ya Wamarekani. Huyo Fischer naye alikuwa kiumbe wa pekee. Amplifaya zake za Trainwreck hakuzipa nambari, alizipa majina ya kike. Alikuwa mgonjwa miaka mingi na akafariki mwaka 2006, na alizoziacha ni chache, kwa hiyo bei yake leo ni ya kutisha. Bei hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na uchache. Mtu akifa hatengenezi nyengine.

Basi kazi ya mkono inaleta nini? Nichukue mfano wa kwetu. Kofia ya kushonwa kwa mkono, ile ya Lamu yenye vitobo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, huchukua wiki nyingi na bei yake si mara mbili ya kofia ya mashini, ni mara nyingi sana. Aivaaye anajua, na anayemuona msikitini naye anajua. Wala hakuna aliyewahi kudai kwamba inasitiri kichwa zaidi. Tunalipia mkono, saburi, heshima na umri wa kofia yenyewe. Ni malipo halali, alimradi muuzaji asituambie kwamba mwenye kofia ya mashini swala yake ina kasoro. Wauzaji wa amplifaya ndipo wanapokosea, wanauza uzuri wa lehemu kana kwamba ni uzuri wa sauti.

Umeme haujui nani aliyelehemu. Rezista ya thamani fulani ikiunganishwa kwa waya uliokunjwa vizuri au kwa bodi ya kiwandani, umeme unaopita ni ule ule. Najua wako watakaonibishia. Kuna mpangilio wa nyaya unaoleta mlio wa nyuki na kuna unaoutuliza, na fundi mzuri anajua kuuepuka. Lakini bodi iliyochorwa vizuri nayo huuepuka, tena kila mara kwa namna moja.

Pale kazi ya mkono inaponishinda hoja ni kwenye ukarabati. Katika amplifaya nyingi za bei rahisi, soketi za valvu na vitufe vimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi nyembamba. Valvu hutoa joto kali, spika hutetemesha sanduku zima, na baada ya miaka kadhaa lehemu hupasuka. Kuitengeneza inabidi ung'oe bodi yote, na ukiikosea unaikwangua njia ya shaba ikatoka. Ile ya mkono imepangwa kwa nafasi, kila kapasita inaonekana na unaifikia kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Fundi yeyote wa Mombasa mwenye mita na akili anaweza kuitengeneza, na mwanawe akaja kuitengeneza baadaye. Ziko Fender za miaka ya 1950 zinazofanya kazi mpaka leo kwa sababu hiyo tu. Kwangu mimi hii ndiyo hoja bora ya kununua amplifaya ya mkono, na ajabu ni kwamba kwenye matangazo haitajwi nusu ya jinsi inavyotajwa ile sauti ya kichawi.

Kuhusu hiyo sauti, mpiga gitaa mmoja wa Nashville, Jim Lill, alifanya jambo ambalo lingewapendeza wavuvi wetu. Alijiundia amplifaya ndani ya kisanduku cha kuwekea ndoana na vifaa vya kuvulia, akailinganisha na amplifaya za majina makubwa, na video yake iko YouTube kwa atakaye kusikiliza. Mizani ya besi na makali ikilingana, kiasi cha mkwaruzo kikilingana, na spika ikiwa ni ile ile, tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko wengi tulivyoaminishwa. Kisha akaonyesha jinsi sauti inavyogeuka kwa kubadilisha spika, au kusogeza maikrofoni kidogo tu. Mwenye amplifaya ya kawaida akibadilisha spika peke yake, kwa mfano akaweka Celestion au Jensen iliyo bora, ataisikia tofauti kuliko akibadilisha kapasita zote za ndani kwa zile za bei mbaya.

Na wati nazo zinapoteza wengi. Kijana anadhani amplifaya ya wati 100 ina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Tofauti yake ni desibeli 3, kiasi ambacho sikio husikia kuwa kimeongezeka kidogo tu. Ili sauti isikike mara mbili inahitaji nguvu mara kumi hivi. Amplifaya ya valvu ya wati 20 tayari inashindana na ngoma ndani ya ukumbi.

Sasa bei. Nisimuonee fundi wa Kimarekani, tumpigie hesabu ya haki. Tuseme transfoma nzuri, spika, valvu, sanduku na vipuri vyengine vimemgharimu dola 900. Tuseme ameifanyia kazi saa 30 na anajilipa dola 40 kwa saa, ujira ambao kwa fundi stadi kule si wa kifahari. Hiyo ni dola 1,200, jumla 2,100. Weka kodi ya karakana, bima, amplifaya zitakazorudishwa akazitengeneze bure, na fungu la mwenye duka. Ukifika dola 3,500 huyo fundi hajamuibia mtu. Pengine yeye mwenyewe ndiye anayepata kidogo kuliko wote. Inapopanda kutoka 3,500 kwenda 6,000 au 10,000, hapo mara nyingi umeshaanza kulipia jina.

Dola 3,500 ni kama shilingi 455,000. Kuileta Mombasa ni mzigo wa kilo 20 hadi 30 na zaidi, kwa hiyo kuna nauli. Juu ya hiyo kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na ushuru wenyewe, na ada nyenginezo. Usishangae ikikufikia mkononi kwa laki sita na nusu au zaidi.

Na hapa ndipo maneno yalipoacha kuwa ya kinadharia kwangu. Kijana wa jirani yangu, mpigaji mzuri kweli, alikuja kuniambia, "Ami, nimepata amplifaya." Anapiga kwenye hoteli usiku mara tatu kwa wiki msimu ukiwa mzuri, na hulipwa shilingi 3,000 kwa usiku. Mpango wake ulikuwa mamake auze bangili zake za dhahabu, na kilichobaki akope kwa riba. Mama alikuwa amekubali, kama mama wanavyokubali. Tuliketi tukapiga hesabu: shilingi 9,000 kwa wiki, asile, asipande hata tuktuk, angehitaji zaidi ya wiki 70 kuilipa. Na ndani ya wiki hizo kuna Aprili, Mei na Juni, wakati mvua imeshika na mahoteli hayana wageni. Riba bado hatujaitia, na hata tungeitia, kwangu mimi deni la riba kwa chombo cha muziki si jambo la kujadiliwa.

Nikamuuliza: hotelini unapopiga, kitufe cha sauti huwa kwenye ngapi? Akacheka. Kwenye moja na nusu. Meneja hupita kila baada ya nyimbo mbili kumwambia apunguze, wageni wanakula.

Hilo peke yake linatosha. Amplifaya ya valvu ya wati 30, yenye sauti ile aliyoisikia kwenye video, inatoa sauti ile ikiwa imesukumwa mpaka vikombe vinatetemeka mezani. Kwenye moja na nusu kando ya bwawa la kuogelea, valvu za mwisho hazijaamka. Angenunua simba amuweke kwenye tenga la kuku. Mpigaji wa Los Angeles anayerekodi albamu kwenye chumba kisichopitisha sauti ana sababu. Yeye hana chumba hicho.

Kisha kuna umeme wenyewe. Marekani hutumia volti 120 na mzunguko wa 60, sisi tunatumia volti 240 na mzunguko wa 50. Waundaji wengi wanaweza kukuundia ya volti zetu ukiwaambia mapema, lakini ile ya mtumba iliyoundwa kwa ajili ya Marekani peke yake inahitaji transfoma ya kushusha. Na hata ukiishusha volti, transfoma ya ndani iliyokusudiwa mzunguko wa 60 pekee hupata moto zaidi kwenye mzunguko wa 50. Ongeza umeme wetu unavyopanda na kushuka. Valvu inataka volti 6.3 kwa kupasha kiini chake. Umeme wa ukutani ukipanda kwa sehemu moja ya kumi, hiyo nayo inapanda, na zile volti 400 zinapanda pamoja nayo. Mtu mwenye kifaa cha laki sita bila stabilaiza anacheza kamari.

Hewa yetu nayo mnaijua. Chumvi inayokula mabati ya Nyali haitaacha soketi za valvu na springi za mwangwi zilizo ndani ya amplifaya. Na valvu zikifa, haziko dukani. Viwanda vilivyobaki duniani vinavyotengeneza za gitaa ni vichache, viko Urusi, Slovakia na China, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza na Urusi ikatangaza kuzuia baadhi ya bidhaa zake kutoka nje, wapigaji wa Marekani wenyewe walikimbilia madukani kuzinunua kwa fujo. Sisi tungekuwa wapi kwenye foleni hiyo?

Kijana alinijibu kwa hoja moja nzuri, na ni haki niitaje. Alisema amplifaya ya jina kubwa haipotezi thamani, ukichoka unauza. Ni kweli, lakini ni kweli kule. Fundi mashuhuri akishafariki au akiacha kuunda, bei hupanda. Ila mnunuzi wake yuko Nashville, hayuko Majengo wala Kisauni. Hapa ukiitangaza utapata watu ishirini wa kuja kuipiga picha na mmoja wa kukupa laki moja. Kuirudisha Marekani ni nauli nyengine.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo kwa watu wachache. Anayerekodi kwa kazi, mwenye mahali pa kuisukuma, anayepiga kila siku na pesa yake imetulia, huyo atapata chombo kitakachoishi kuliko yeye na kitakachotengenezeka. Tajiri anayependa kitu kizuri naye ana haki yake kama mwenye kofia ya mkono, bora ajue analolipia. Kwa mpigaji wa hoteli na harusi za pwani, hapana, na kwa mkopo wa riba, hapana mara mbili.

Afanye nini basi? Fender ilitoa mwaka 2019 amplifaya za Tone Master, zisizo na valvu ndani, zinazoiga kwa kompyuta zile zake za zamani. Deluxe Reverb ya namna hiyo ina uzito wa kilo 10 na kitu, karibu nusu ya ile ya valvu, na nyuma ina kitufe cha kupunguza nguvu ili isikike vizuri hata kwa sauti ndogo. Kwa mtu anayevuka feri ya Likoni usiku na amplifaya begani, kilo hizo si mzaha. Boss Katana ni rahisi zaidi, kama dola 300 kule Marekani, na kwa kazi ya hoteli inatosha na kubaki. Mwenye kompyuta iliyo sawa anaweza kutumia programu iitwayo Neural Amp Modeler, ambayo ni ya bure kabisa na huiga amplifaya halisi kiasi cha kukuchanganya. Kasoro ya hizi ninaijua: zikiharibika, fundi wa mtaani hazigusi, bodi yake ni ya vipuri vidogo kama punje za ufuta. Lakini hata ukinunua Katana mbili moja baada ya nyengine hujafika nusu ya bei ile.

Na anayeshikilia kwamba lazima iwe valvu, achukue ndogo ya kiwandani ya wati 5 hadi 15, mpya au ya mtumba, abadilishe spika, aone kama bado ana hamu. Wako pia wanaojiundia. Seti za vipuri za Fender Deluxe ya miaka ya 1950 zinauzwa Marekani kwa chini ya dola 1,500, mchoro ni rahisi, na kwa aliyesomea umeme ni somo tamu. Kwa asiyesomea, naomba asiguse. Kapasita za ndani huhifadhi volti 400 na zaidi hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na zimeshaua watu waliodhani zimelala.

Kabla ya kununua yoyote, fanya jaribio la pazia. Mwambie mwenzako apige kipande kimoja kwenye amplifaya mbili, wewe ukiwa nyuma ya pazia, na zote ziwe na sauti sawa kabisa kwa kupimwa na programu ya desibeli ya simu. Usawa huo ni lazima, kwa sababu iliyo kubwa kidogo siku zote sikio litasema ndiyo nzuri, na wenye maduka wanalijua hilo. Rudieni mara kumi, mwenzako akibadilisha bila kukwambia, uandike kila mara unadhani ni ipi. Ukipatia tano, umebahatisha tu. Ukipatia tisa, angalau unajua kuna kitu unakisikia, na sasa kaa uhesabu kitu hicho ni cha shilingi ngapi.

Kijana wetu alilifanya jaribio hilo mwezi uliopita kwa amplifaya mbili za kuazima, moja ya valvu na moja isiyo na valvu. Alipatia sita. Bangili ziko mkononi mwa mamake, naye sasa anatafuta spika ya inchi 12 iliyo safi. Mwenye nayo amtafute kupitia kwangu.